Njia ya kosa ndani ya kiendeshi: kabla ya kuachia kumbukumbu, je, kifaa kimenyamaza?

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu, salaam. Nimefungua uzi huu kwa sababu mijadala mingi kuhusu makosa katika viendeshi vya vifaa (programu zinazouwezesha mfumo endeshi kuongoza vifaa) huishia kwenye swali la namba gani irudishwe, -EIO (kosa la kusoma au kuandika) au -EINVAL (thamani isiyofaa), ilhali hiyo ndiyo sehemu nyepesi kuliko zote. Programu ya kawaida ikianguka, mfumo endeshi huichukua kumbukumbu yake, hufunga mafaili yake, na mambo huendelea. Kiendeshi hakina wa kukisafishia. Kinaishi ndani ya kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, kinagawana kumbukumbu na mfumo mzima, na upande wake wa pili kuna kifaa ambacho hakina habari kwamba fanksheni yako imerudisha kosa. Kifaa kitaendelea kuandika pale ulipokielekeza mpaka ukiamuru kiache, tena mpaka uhakikishe kwamba kimeacha kweli.

Nitatumia mifano ya Linux kwa kuwa msimbo wake uko wazi kwa yeyote kuusoma, ingawa hoja yenyewe inahusu mfumo wowote. Tazameni kipande hiki cha fanksheni ya kuanzisha kifaa, ambacho kimeandikwa kwa mtindo unaokubalika kabisa. Kinawasha klok (mipigo inayoendesha kifaa), kinachukua bafa (eneo la kumbukumbu la kupokelea data), kinasajili katizo (ishara ya kifaa kwa prosesa), kisha kinakiwasha kifaa:

```
ret = clk_prepare_enable(k->klk);
if (ret)
        return ret;

k->bafa = dma_alloc_coherent(dev, UKUBWA, &k->anwani, GFP_KERNEL);
if (!k->bafa) {
        ret = -ENOMEM;
        goto zima_klk;
}

ret = request_irq(k->irq, k_katizo, 0, "kifaa", k);
if (ret)
        goto achia_bafa;

ret = k_washa(k);
if (ret)
        goto achia_irq;

return 0;

achia_irq:
        free_irq(k->irq, k);
achia_bafa:
        dma_free_coherent(dev, UKUBWA, k->bafa, k->anwani);
zima_klk:
        clk_disable_unprepare(k->klk);
        return ret;
```

Kilichochukuliwa mwisho kinaachiwa kwanza, lebo zimepewa majina ya kazi zinazofanya, na hakuna njia inayoruka hatua. Wakaguzi wengi wangeipitisha. Hata hivyo ina kasoro inayoweza kuharibu kumbukumbu ya mfumo mzima, na kasoro hiyo imejificha ndani ya k_washa.

Katika programu tupu tuna desturi kwamba fanksheni ikishindwa huwa imejisafisha yenyewe, kwa hiyo aliyeiita hapaswi kutengua chochote kwa niaba yake. Sasa chukulieni kwamba k_washa huandika anwani ya bafa kwenye rejista ya kifaa (nafasi ndogo ndani yake ya kupokelea amri na kuonyesha hali), huweka biti ya kuanza, kisha husubiri biti ya utayari kwa milisekunde mia moja, na isipoiona hurudisha -ETIMEDOUT. Kosa hilo halimaanishi kwamba kifaa hakikuanza. Linamaanisha tu kwamba sisi tumechoka kusubiri. Huenda kifaa kinachelewa, na baada ya milisekunde mia mbili kitaamka, kitachukua anwani tuliyokipa, na kitaanza kumwaga data kwenye kurasa ambazo dma_free_coherent imekwisha kuzirudisha kwa kerneli na ambazo pengine zimekwisha kupewa mfumo wa mafaili. Ni sawa na kumpangisha mtu chumba ambacho mpangaji wa zamani bado anatembea na ufunguo wake.

Kwa hiyo, kabla ya lebo ya achia_irq inahitajika hatua nyingine ya kusimamisha DMA (kifaa kuifikia kumbukumbu moja kwa moja bila kupitia prosesa), na hatua hiyo haikamiliki kwa kuandika sifuri kwenye rejista peke yake. Kwenye PCIe, ile njia inayounganisha kadi na prosesa, maandishi kwenda kwa kifaa hutumwa bila kusubiri jibu, hivyo amri ya kuzima inaweza kuwa bado iko njiani wakati mstari unaofuata wa msimbo wako unaendelea. Inabidi usome rejista yoyote ya kifaa hichohicho ili kulazimisha andiko lifike, kisha usubiri, kwa kikomo cha muda, biti inayosema kwamba injini ya DMA imetulia. Zima, soma, subiri, ndipo uachie katizo na bafa.

Na isipotulia? Hapo ndipo ninapotaka maoni yenu. Msimamo wangu ni kwamba ufunge uwezo wa kifaa kuanzisha mawasiliano kwenye njia (kwa PCI ni pci_clear_master), ujaribu kukiwasha upya, na ukiwa bado huna uhakika, usiiachie ile bafa. Iache ipotee. Andika ujumbe mmoja kwenye logi na urudishe kosa.

#2 Pointa Tupu

Ndugu mwanzisha uzi, nakubaliana na mantiki, lakini nina maswali mawili. Kwanza, kuvujisha kumbukumbu kwa makusudi ni jambo ambalo mkaguzi yeyote wa msimbo atalikataa. Pili, mfano wako wote ungefutika kama ungetumia fanksheni za devm, ambazo huachia rasilimali zenyewe pale fanksheni ya kuanzisha inaposhindwa au kifaa kinapoondolewa. Zimo kwenye kerneli tangu toleo la 2.6.21 la mwaka 2007. Kwa nini tuendelee kuandika goto kwa mkono?

#3 Mwanzisha uzi

Swali la kwanza ni la kuchagua baina ya hasara mbili. Bafa ya kilobaiti 64 iliyopotea ni hasara inayojulikana ukubwa wake, haikui, na hutoweka mashine ikiwashwa upya. Bafa iliyorudishwa huku kifaa kikiendelea kuiandika ni uharibifu usio na mipaka: leo itaangusha kerneli mahali pasipohusiana kabisa na kiendeshi chako, kesho itageuza baiti chache za faili la mtu na hakuna ujumbe wowote utakaoandikwa. Mkaguzi akikataa, mweleze hivyo kwenye maoni juu ya mstari wenyewe, kwa sababu asiyejua sababu atakuja baadaye kuurekebisha kwa nia njema. Ninaongeza kwamba penye IOMMU iliyowashwa (kipande cha mashine kinachodhibiti ni kumbukumbu ipi kifaa kinaweza kuifikia), kuondoa ramani ya anwani hukilazimisha kifaa kugonga ukuta badala ya kuharibu kumbukumbu. Ni kinga nzuri mno, ila si kila mashine inayo, na hata penye nayo, hali ya kawaida ya Linux kwenye mifumo mingi huchelewesha kufuta ramani za zamani kwa ajili ya kasi, hivyo bado upo mwanya mdogo.

Kuhusu devm, mimi ni mtumiaji wake mkubwa na sina nia ya kuzipinga. Lakini zinaachia rasilimali kwa mpangilio wa kinyume wa kuchukuliwa, na hufanya hivyo baada ya fanksheni yako ya kuondoa kumaliza kazi. Tatizo huzaliwa mtu anapochanganya mitindo miwili. Amechukua katizo kwa devm_request_irq, lakini klok ameiwasha kwa mkono na anaizima kwa mkono ndani ya fanksheni ya kuondoa. Kati ya kuzimwa kwa klok na kuachiwa kwa katizo kuna kipindi kifupi ambacho katizo likija, fanksheni yake itasoma rejista ya kifaa kisicho na klok. Kwenye chipu nyingi za ARM usomaji huo huangusha mfumo papo hapo au huugandisha bila ujumbe. Ama kila kitu kiwe chini ya devm, ukitumia devm_add_action_or_reset kwa zile hatua zisizo na fanksheni maalumu, au kila kitu kinachofuata hatua ya kwanza ya mkono kiwe cha mkono. Neno or_reset pale mwishoni lina maana: kusajili hatua ya usafi kukishindwa, hatua hiyo hutekelezwa palepale, kwa hiyo wewe huachiwi deni lolote.

Iko hatari nyingine ambayo devm huificha badala ya kuiondoa. Kumbukumbu ya devm_kzalloc huishi muda wa uhusiano wa kiendeshi na kifaa, si muda wa mtumiaji. Mtu akiwa amefungua faili chini ya /dev kisha kifaa kikachomolewa, kumbukumbu huachiwa ilhali faili bado liko wazi, na usomaji unaofuata unagusa kumbukumbu iliyokwisha kurudishwa. Muundo unaofikiwa kupitia faili lililofunguliwa unahitaji hesabu yake ya wanaoutumia, yaani kref, na uachiwe na wa mwisho kutoka.

#4 Mkesha Logi

Niongeze upande wa kusoma, maana hapo juu mmezungumzia kuandika.

Kifaa cha PCIe kikichomolewa, au kiungo chake kikikatika, usomaji wa rejista haurudishi kosa. Hurudisha biti zote zikiwa moja: 0xFFFFFFFF. Readl haina namna ya kukwambia kwamba kifaa hakipo. Sasa fikirieni mizunguko ya aina ya while (readl(hali) & SHUGHULI), ambayo husubiri biti ya shughuli izimike. Kifaa kisichokuwepo kina biti hiyo imewaka milele, na ukiwa umeshika kufuli huku umezuia makatizo, kiini hicho cha prosesa hakitarudi. Hakuna udhuru wa kuandika mzunguko wa namna hiyo wakati readl_poll_timeout ipo (au readl_poll_timeout_atomic pale usiporuhusiwa kulala). Jambo linalonipendeza kwenye fanksheni hiyo ni kwamba muda ukiisha husoma rejista mara moja zaidi kabla ya kutangaza kushindwa, kwa sababu huenda ni prosesa iliyokuwa imepelekwa kwenye kazi nyingine, na kifaa kilikuwa tayari siku nyingi.

Fanksheni ya katizo nayo ikisoma hali na kupata biti zote ni moja, huamini kwamba kila tukio limetokea kwa pamoja: data imefika, foleni imejaa, kosa la usawa limetokea, joto limepanda. Itaanza kushughulikia matukio ambayo hayakuwahi kuwepo, kwa kutumia namba za foleni ilizozisoma kutoka kwa kifaa kisichokuwepo, na namba hizo zikitumika kama faharisi ya safu bila kukaguliwa tumekwisha kutoka nje ya kumbukumbu yetu. Ukaguzi wa thamani hiyo uwe mstari wa kwanza baada ya kusoma, na fanksheni irudishe IRQ_NONE («katizo hili si langu»). Kwa rejista ambayo biti zote moja zinaweza kuwa thamani halali, soma kitambulisho cha mtengenezaji kwenye eneo la usanidi. 0xFFFF hakijapewa mtengenezaji yeyote.

Nikitaja IRQ_NONE, wapo wanaorudisha IRQ_HANDLED («nimelishughulikia») kila mara ili kunyamazisha malalamiko ya kerneli. Kerneli huhesabu makatizo 100,000, na kama 99,900 kati yake hayakudaiwa na yeyote, huufunga mstari huo. Anayedanganya kwamba ameshughulikia huiondoa kinga hiyo, na kifaa kilichokwama kikishikilia mstari wa katizo kitaila prosesa yote.

Mfano mkubwa wa thamani ya kosa kusomwa kama data ni roketi ya Ariane 5, tarehe 4 Juni 1996. Kompyuta ya mwelekeo ilishindwa kugeuza namba ya desimali ya biti 64 kuwa namba kamili ya biti 16, na kwa mujibu wa sera yake ya makosa ikajizima baada ya kutuma taarifa ya uchunguzi. Ile ya akiba ilikuwa na programu hiyohiyo na ilikwisha kujizima kwa sababu hiyohiyo. Kompyuta kuu ikaichukua taarifa ya uchunguzi kana kwamba ni data ya safari, ikapindisha midomo ya injini, na roketi ikavunjika chini ya dakika moja baada ya kuruka. Sera ile ilitungwa kwa kudhani kwamba kosa ni la kifaa kilichoharibika kwa bahati mbaya, ambacho pacha wake atakuwa mzima.

#5 Rejista

Nimeufurahia mchango wa Mkesha Logi kuhusu kosa linalojifanya data, kwa sababu kwenye I2C, njia ya nyaya mbili ya vihisi na chipu ndogo, tunakutana nalo kila wiki kwa sura ndogo zaidi.

i2c_transfer hurudisha idadi ya jumbe zilizofanikiwa, si sifuri. Ukiomba mbili ikarudisha moja, umeandika anwani ya rejista lakini hukusoma chochote, na bafa yako ina takataka zilizokuwamo kabla. Kiendeshi kinachokagua ret < 0 peke yake hupita hapo akiwa na amani kabisa. Sharti liwe kulinganisha na idadi uliyoomba, na pungufu ligeuzwe kuwa -EIO.

Halafu kuna i2c_smbus_read_byte_data, ambayo hurudisha baiti yenyewe au namba hasi. Mtu huipokea kwenye kibadilika cha u8 (biti nane, kisicho na hasi), na -EIO, yaani hasi tano, hugeuka kuwa 251. Kihisi cha joto huripoti nyuzi 251 na feni hupiga kelele chumba kizima. Ndugu yake ni unsigned int irq = platform_get_irq(...), ikifuatiwa na if (irq < 0), sharti ambalo haliwezi kuwa kweli maishani. Kikusanyaji (compiler) kitakuonya ukikiruhusu kionye, wengi wamekizima.

Mtego wa tatu ni wa umeme. pm_runtime_get_sync huongeza hesabu ya watumiaji hata inaposhindwa. Anayeandika if (ret < 0) return ret, kama akili ya kawaida inavyomtuma, huacha hesabu imeongezeka na kifaa hakitalala tena. Ndiyo sababu toleo la 5.10 lilileta pm_runtime_resume_and_get, ambayo hurudisha hesabu yenyewe ikishindwa. Kwa maoni yangu hilo ni kosa la msanifu wa fanksheni kuliko la mwandishi wa kiendeshi, kwa kuwa linavunja ile desturi iliyotajwa pale #1, lakini anayelipia ni mwandishi.

#6 Pointa Tupu

Rejista, na kurudia jaribio? Wengi hufunga kosa la I2C ndani ya mzunguko wa majaribio matatu na kuendelea na safari.

#7 Rejista

Kurudia kunafaa pale tu ambapo kufanya mara mbili ni sawa na kufanya mara moja. Kusoma joto, rudia. Kusoma rejista inayojifuta ikisomwa, au kuandika amri ya «songa mbele hatua moja» kwa mota, usirudie, kwa sababu hujui kama amri ya kwanza ilifika na ni jibu tu lililopotea njiani. Tena kama mstari wa SDA, yaani waya wa data, umeshikiliwa chini na kifaa kilichokatizwa katikati ya baiti, majaribio elfu hayatasaidia. Kinachosaidia ni kutoa mipigo tisa ya klok ili kifaa kimalize kutoa biti zake na kuachia mstari, kisha kutuma alama ya kusimama. Kerneli ina utaratibu wa kurejesha njia wa namna hiyo tayari, usiutunge upya.

#8 Mwanzisha uzi

Hapa tumefika kwenye sehemu ambayo naiona ngumu kuliko zote, nayo ni ombi lililoisha muda huku jibu lake likiwa njiani.

Kiendeshi cha diski kimetuma ombi lenye tagi 7, yaani namba ya kulitambulisha. Muda umekwisha. Fanksheni ya kikomo cha muda inaliita ombi hilo limeshindwa, inamrudishia aliyeomba -ETIMEDOUT, na tagi 7 inarudi kwenye hazina ya tagi huru. Mara ombi jipya linaichukua tagi 7. Sasa kifaa kinamaliza lile la zamani na kutangaza: «tagi 7 tayari.» Kiendeshi kinalikamilisha ombi jipya, ambalo data yake haijasomwa, na mfumo wa mafaili unapewa bafa yenye yaliyomo ya zamani pamoja na ripoti ya mafanikio. Hakuna kosa lililoandikwa popote. Logi ni safi. Huu ndio uharibifu ambao hugunduliwa miezi baadaye.

Tagi isirudi kwenye hazina mpaka kifaa chenyewe kikiri kwamba kimelisahau ombi, ama kwa kujibu amri ya kulifuta ama kwa kuwashwa upya kabisa. Vilevile kila ombi likamilishwe mara moja tu, kwa kuwa katizo lililochelewa na kikomo cha muda vinaweza kufika kwa pamoja kwenye viini viwili tofauti. Anayetaka kukamilisha kwanza abadilishe hali ya ombi kwa operesheni isiyogawanyika, na aliyekuta imekwisha kubadilishwa aondoke bila kugusa kitu.

Kiendeshi cha NVMe (diski za kasi za SSD) cha Linux ni cha kusomwa kwa ajili ya hili. Kikomo chake cha kawaida kwa maombi ya kusoma na kuandika ni sekunde 30. Muda ukiisha, hakikimbilii kulitangaza ombi limekufa. Kwanza hutazama foleni ya majibu, maana huenda jibu lilifika na ni katizo lililopotea. Likikutwa, ombi hukamilishwa kwa mafanikio na onyo huandikwa. Lisipokutwa, hutuma amri ya kulifuta. Ombi likiisha muda tena, hukiwasha upya kidhibiti chote, na hapo maombi yote yaliyokuwa njiani hukusanywa kwa mkupuo mmoja baada ya foleni kuzimwa. Kila ngazi ina gharama kubwa kuliko iliyotangulia, na hakuna ngazi inayoachia bafa kabla kifaa hakijanyamazishwa.

Maombi hayo yaliyokusanywa lazima yafike kwa wenyewe. Kiendeshi kinachojiona kimekufa kisha kikaacha wanaosubiri bila kuwaamsha, huacha michakato katika hali ya D (usingizi usiokatizika), ambayo hata kill -9 haiwezi kuitoa, na mwenye mashine hana budi kuvuta waya wa umeme.

#9 Mkesha Logi

Naunga mkono, na kwa PCI utaratibu huohuo una sura rasmi, fanksheni za kiendeshi ambazo kerneli huziita kosa linapotokea: error_detected, mmio_enabled, slot_reset, resume. Ukiambiwa hali ni pci_channel_io_frozen (njia imefungwa), usiguse rejista hata moja. Simamisha foleni, rudisha PCI_ERS_RESULT_NEED_RESET, usubiri. Ukiambiwa pci_channel_io_perm_failure (kifaa hakitarudi tena), waamshe wote wanaosubiri kwa kosa na urudishe DISCONNECT. Wanaoandika error_detected inayojaribu «kukizima kifaa vizuri» kwa kuandika rejista wamesahau kwamba njia yenyewe ndiyo imefungwa.

Ninalo neno kuhusu BUG_ON, sharti ambalo likitimia kerneli hujiangusha. Kuangusha mashine yote kwa sababu kadi ya sauti imetoa thamani ya ajabu si usalama. BUG_ON ndani ya kiendeshi huua mchakato uliokuwepo huku ukiwa umeshika kufuli, na baada ya hapo kila anayelihitaji kufuli hilo hukwama. WARN_ON_ONCE, ambayo huonya mara moja tu, pamoja na kurudisha kosa hutosha karibu kila mahali, nayo iwe kwa hali ambazo ni kasoro ya msimbo wetu wenyewe. Data mbaya kutoka kwa kifaa au kwa mtumiaji si kasoro ya msimbo, ni jambo la kutarajiwa. Kwenye mashine zilizowashwa panic_on_warn, ambapo onyo lolote huiangusha kerneli, WARN anayoweza kuiamsha mtumiaji ni kitufe cha kuzimia mashine.

Na asiyeamini kwamba data itokayo nje ya kerneli ni hatari akumbuke tarehe 19 Julai 2024. Kiendeshi cha ulinzi cha CrowdStrike kilipokea faili la usanidi lililohitaji ingizo la 21 ilhali msimbo uliandaliwa maingizo 20, kikasoma nje ya safu, na Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 za Windows ziliathirika. Ukaguzi mmoja wa mpaka na kurudisha kosa kungebadilisha msiba ule kuwa mstari mmoja kwenye logi.

Nikirudi kwenye logi, tumieni dev_err_ratelimited kwa chochote kinachoweza kujirudia. Kwa kawaida huruhusu jumbe kumi katika sekunde tano. Kifaa cha USB kilichochomolewa hurudisha -EPROTO (kosa la mawasiliano) kwa kila URB, yaani ombi la mawasiliano ya USB, kabla ya kerneli kutangaza kutoweka kwake, na kiendeshi kinachoituma tena URB papo hapo kila mara hujaza diski kwa ujumbe uleule. Pia -EPROBE_DEFER si kosa la kumtisha mtu, ni kifaa kinachosubiri mwenzake aanze. dev_err_probe hulitambua hilo na hukaa kimya ipasavyo.

#10 Pointa Tupu

Nimeridhika na hoja ya bafa. Limebaki swali la vitendo. Njia hizi za makosa karibu hazitembelewi kamwe. Maombi madogo ya kumbukumbu kwa GFP_KERNEL (maombi ya kawaida yanayoweza kusubiri) ni nadra mno kushindwa, na kifaa kisicho na hitilafu hakichelewi kujibu. Mnazijaribu vipi?

#11 Mwanzisha uzi

Kwa kuzilazimisha. Kerneli iliyokusanywa na CONFIG_FAULT_INJECTION pamoja na failslab (inayoyafanya maombi ya kumbukumbu yashindwe kwa makusudi) hukuwezesha kuandika namba N kwenye /proc/self/task/<tid>/fail-nth, na ombi la N la kumbukumbu kutoka kwenye uzi huo wa utekelezaji hushindwa. Kwa kuwa kuandika kwenye faili la bind la kiendeshi chini ya /sys/bus huendesha fanksheni ya kuanzisha ndani ya mchakato uleule ulioandika, unaweza kuanza na N sawa na 1, ukaandika bind, ukaona kosa, ukaongeza N, mpaka utakaposoma fail-nth na kukuta namba bado haijawa sifuri, maana yake ni kwamba maombi yote yamepita bila kufikiwa. Hapo utakuwa umepitia karibu kila lebo inayotokana na kukosa kumbukumbu, moja baada ya nyingine. Jambo linalowapotosha wengi ni faili la ignore-gfp-wait: thamani yake ya kawaida ni Y, ambayo huyaacha salama maombi yanayoweza kulala, yaani GFP_KERNEL karibu yote. Weka N, la sivyo utajaribu siku nzima na hakuna kitakachoshindwa.

Washa KASAN ili ikamate kumbukumbu iliyoguswa baada ya kuachiwa, na kmemleak kwa iliyosahauliwa. CONFIG_DEBUG_SHIRQ nayo hutuma katizo la uongo pale katizo la kushirikiana linapoachiwa, na ule mwanya wa klok niliouelezea #3 hujitokeza wenyewe bila kusubiri bahati.

Hayo yote ni kwa kumbukumbu. Kwa kifaa chenyewe, punguza kikomo cha muda ndani ya k_washa hadi mikrosekunde moja, ili kila jaribio lishindwe ilhali kifaa kinaamka kweli muda mfupi baadaye. Kabla ya kuita dma_free_coherent jaza bafa kwa mchoro wa baiti unaoutambua, subiri sekunde moja, ikague. Baiti hata moja ikiwa imebadilika, hatua yako ya kusimamisha DMA haifanyi kazi.

#12 Rejista

Na mkijaribu unbind, yaani kukitenganisha kiendeshi na kifaa, fanyeni hivyo huku programu imefungua faili la kifaa na iko katikati ya kusoma. Fanksheni ya kuondoa haina ruhusa ya kushindwa. Kerneli ilikuwa ikiipuuza thamani iliyorudishwa na remove (ile fanksheni ya kuondoa) ya viendeshi vya platform na vya I2C hata ilipokuwa inarudisha int, na sasa zimebadilishwa zirudishe void ili mtu asidanganyike. Bado nakutana na viendeshi vya zamani vinavyorudisha -EBUSY pale, vikidhani vimezuia kuondolewa, kisha vinaruka usafi wote uliofuata. Katizo linabaki limesajiliwa, moduli inatolewa kwenye kumbukumbu, na katizo linalofuata linaruka kwenye anwani isiyo na msimbo.